Diski Niliyoikwangua kwa Tupa

Kama hukusoma ya wiki jana, yaani namna nilivyoibiwa vyombo vyangu vyote vya kazi Bujumbura nikarudi Gitega na viatu tu, usihangaike. Jua mambo mawili. Mzee Houssein, mwenye garaji pale chini ya Mushasha, alinipokea, akanipa kazi, halafu akanioza binti yake Hidaya. Na tangu siku ile sikuwahi kumwambia mzee Houssein "hapana". Hata mara moja.

Niliishia asubuhi ile ya mwezi wa sita, mwaka 1983, dereva wa lori aliposimama mbele ya garaji akatoa barua ndani ya kofia yake. Barua ilitoka Muyinga, kwa Mzee Kassam, mwenye duka la vitambaa. Mzee Houssein hakuwa na miwani, akanipa niisome mimi.

"Bwana Houssein, salamu. Ile gari mliyoitengeneza imekataa kupanda kilima njiani kuja Gitega. Mama Shaukat alikuwa ndani, mgonjwa. Amefariki hapo hapo barabarani. Tumemzika jana. Nakuomba unitumie fundi aangalie gari na aniambie ukweli. Kassam."

Mzee Houssein aliichukua barua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Kassimu," aliniambia, "ile Pijo ya mazutu ya Kassam, ni we uliifunga?"

"Ni mi, baba. Na we ulikuwepo."

Akageuka, akaitazama barabara. Sasa niwaambie kwa nini.

Wiki tatu kabla ya barua, gari ile ililetwa kwetu kuwekewa ambreyaji mpya. Ambreyaji, wengine mnaita klachi, ni diski inayoshika nguvu ya injini na kuipeleka kwenye magurudumu. Diski hiyo haitaki mafuta. Ikilowa inateleza, na gari ya mazutu, yaani dizeli, ina nguvu nyingi, inateleza vibaya zaidi. Niliposhusha bwati ya vitesi, yaani giaboksi, niliona ule mpira wa duara ulio nyuma ya injini, unaozuia mafuta yasitoke, umechoka. Ulikuwa unatoa jasho.

Nilimwita mzee Houssein, nikamwonyesha.

"Mpira huu uko Bujumbura," alisema. "Kuungoja ni siku mbili. Mi nimemwambia Kassam gari inatoka leo."

"Baba, itavuja kwenye diski mpya."

"Panguza. Funga."

Nikapanguza kwa kitambaa. Nikafunga. Nilijua, nikafunga. Msije mkadhani nitawaambia sikujua.

Basi siku ya barua mzee Houssein alinivuta mpaka kwenye meza yake, akafungua droo, akatoa boksi dogo. Ndani yake mlikuwa na mpira mpya kabisa, bado uko kwenye karatasi yake ya nta.

"Uweke huu," alisema, "na diski nyingine. Waambie ni mchango wetu wa msiba."

Niliutazama ule mpira.

"Baba, si ulisema uko Bujumbura?"

"Nilikuwa nimeuwekea mtu mwingine. Gari yake ni ya maana." Alifunga droo. "Utaenda Muyinga. Utaangalia. Utasema ni dereva, alikuwa analaza mguu kwenye pedali ya ambreyaji. Madereva wote wanalaza mguu."

"Na kama yeye halazi?"

"Hidaya iko na mimba ya miezi mitano. Huyo mtoto atazaliwa nyumba ya nani, Kassimu? Yako iko wapi?"

Nikasema, "Sawa, baba."

* * *

Nilifika Muyinga kesho yake saa nne asubuhi, vumbi la Karuzi limenijaa mpaka masikioni. Gari ilikuwa uani nyuma ya duka, wameivuta kwa kamba. Sebuleni watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wanaongea chini chini.

Mzee Kassam alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu, fundi. Kula kwanza."

"Mzee, nianze kazi kwanza."

"Mtu haanzi kazi na njaa nyumbani kwangu. Zohra, mletee chakula."

Zohra ni mke wa Shaukat, mtoto wa Mzee Kassam na marehemu. Aliniletea wali na dengu, akasimama pembeni. Macho yalikuwa yamevimba.

"Kichwa cha mama kilikuwa hapa," aliniambia, akionyesha mapaja yake. "Daktari alisema afike Gitega siku ile ile. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayenyonya kupitia tundu la sindano. Halafu ile harufu ikaingia ndani ya gari. Fundi, ile harufu ilikuwa ya nini?"

"Bado sijaangalia, dada."

Nilijua ilikuwa ya nini. Nilikula wali wa msiba wa mtu niliyemuua, na nikaumaliza, maana kubakiza kungeonekana.

Uani nilimkuta dereva. Jina lake Bahati, mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni. Alikuwa ameendesha magari ya ile nyumba miaka ishirini na miwili. Alinisalimia kwa adabu, kama mgonjwa anavyomsalimia daktari.

"Niambie ilivyokuwa, mzee Bahati."

"Ilianza siku ya nne tangu nimeitoa kwenu. Kidogo tu. Nikikanyaga mazutu, injini inapanda, gari inachelewa. Nikasema labda diski ni mpya, itajizoesha. Ile siku ya mama, kwenye tambarare ilienda vizuri. Tulipofika kile kilima kabla ya Karuzi nikaweka gia ya pili. Injini ikalia, gari ikabaki. Nikaweka ya kwanza. Ikalia zaidi."

"Ulifanya nini?"

"Niligeuza, nikajaribu kupanda kinyumenyume. Hapana. Watu wa mashambani wakaja, wakasukuma. Tulisukuma pamoja, mi nimeshika usukani kupitia dirishani. Ilibaki kona moja tu. Zohra akasema, Bahati, acha." Alikohoa. "Basi nikaacha."

Nikaanza kupima. Kazi ya kupima mi naijua, hiyo hakuna aliyewahi kuninyang'anya.

Kwanza pedali. Niliibonyeza kwa mkono, nikaiachia. Ilirudi juu vizuri, haikubanwa popote. Kwa hiyo kosa halikuwa huko.

Nikayazuia magurudumu kwa mawe, nikavuta freni ya mkono mpaka mwisho. Nikawasha. Nikaweka ya tatu, nikaipa injini mazutu kidogo, nikaachia pedali polepole. Ambreyaji nzima ingeishika injini na kuizima pale pale. Hii haikuizima. Injini iliendelea kunguruma, gari imesimama kama nyumba, na harufu ikapanda kutoka chini ya miguu yangu. Harufu ya kucha zilizoungua ndani ya mafuta ya kukaangia ya wiki nzima.

Pale dirishani mwa nyumba Zohra alifunika pua kwa mtandio, akaondoka mbio.

Nikazima. Nikaingia chini, nikapitisha kidole chini ya kasha la ambreyaji. Kidole kikarudi cheusi, kinateleza. Nikakinusa. Mafuta ya injini.

"Unaona nini?" Bahati aliuliza kutoka juu.

"Lazima tushushe bwati."

Tuliishusha pamoja, mi na yeye, kwa jeki na mbao mbili. Alikuwa na nguvu, na alikuwa mwangalifu. Kabla sijaitoa diski nilimwambia, "Mzee Bahati, nisaidie. Nenda unitafutie petroli ya kuoshea, chupa moja inatosha."

Alienda. Nilimtuma yeye mwenyewe petroli ya kumwangamiza.

Diski ilitoka imelowa. Ilikuwa nene bado, karibu kama siku nilipoiweka. Diski iliyoliwa na mguu wa dereva inakuwa kavu na nyembamba, na chuma kinachogusana nayo kinakuwa na madoa ya bluu. Hapa hapakuwa na bluu. Mtu yeyote aliyewahi kufungua gari mbili tu maishani mwake angejua kwamba ni mafuta.

Bahati alirudi na petroli, nikamshukuru, nikamwambia apumzike na watu ndani.

Nikaenda nyuma ya stoo. Nikaiosha diski kwa petroli mpaka ikakauka. Halafu nikachukua tupa nikaanza kuikwangua. Upande mmoja, upande wa pili. Unga mweusi ulinijaa puani na kooni. Nilikwangua mpaka vichwa vya riveti za shaba vikatokeza, vinang'aa. Halafu nikawasha karatasi iliyolowa petroli nikaipitisha juu yake, ipate rangi ya kuungua.

Ule mpira mbovu niliuchomoa kwenye injini. Nikaenda nao chooni, nikautupa shimoni. Nilisikia ukianguka. Nikasimama pale, nzi wananitua mdomoni, na sikuwafukuza. Niliona wamefika mahali pao.

* * *

Mzee Kassam alikuja uani na wazee wawili wa jamaa. Nilimpa diski.

"Sema, fundi. Mi sitaki kumfunga mtu. Nataka tu kujua. Mi nikilala naisikia ile injini inalia, na sijui inalia kwa nini."

"Mzee, diski imeliwa. Ona riveti. Ni mpya, lakini imeliwa wiki tatu tu." Sauti yangu ilitoka safi kabisa, hiyo ndiyo inanichukiza mpaka leo. "Hii inatokea dereva akilaza mguu kwenye pedali. Hakanyagi, analaza tu. Ambreyaji inakuwa haikushika, haikuachia. Inaungua kidogo kidogo. Ikikutana na kilima, imekwisha."

Mzee Kassam alimgeukia Bahati. Hakumfokea. Alimpa ile diski.

Bahati aliipokea kwa mikono miwili. Alipitisha kidole juu ya riveti, moja moja, akizunguka diski nzima.

Nilimngoja akatae. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumjibu. Nilitaka anitukane.

"Mguu wangu ulifanya hivi?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee Bahati."

"Sikuusikia."

"Wengi hawausikii."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa jambo gumu akalielewa. Akamrudishia Mzee Kassam diski.

"Tajiri, kama fundi amesema, ni mguu wangu."

"Nenda nyumbani, Bahati," Mzee Kassam alisema. "Sikufukuzi. Lakini kwa sasa siwezi kukuangalia."

Bahati akaenda. Nilimtazama akivuka ua. Alikuwa anaangalia mguu wake wa kushoto kila alipoutanguliza.

* * *

Niliweka mpira mpya, nikaweka diski mpya, nikafunga. Siku mbili. Nilipima tena kwa freni ya mkono na ya tatu, injini ikazimika mara moja, safi. Watu wa nyumba wakanishukuru. Mzee Kassam akaniomba nibaki mpaka dua ya siku ya saba, nile nao. Kila chakula nilichopeleka mdomoni kilikuwa na harufu ya ile diski. Nilinawa kwa sabuni, nikanawa kwa majivu, nikanawa kwa ndimu.

Siku ya sita alinijia mwanamke pale uani. Alijitambulisha: Mwajuma, mke wa Bahati.

"Fundi, samahani. Mume wangu hali chakula."

"Ni huzuni, mama. Itapita."

"Siyo huzuni. Anakaa kitandani, anaweka mguu ukutani, anaukanyaga ukuta na kuuachia. Anakanyaga, anaachia. Ananiita, Mwajuma, angalia, unaona mguu unalala? Mi namwambia haulali. Anasema, basi hata we huuoni." Alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Alfajiri anaenda kaburini kwa mama Shaukat. Anarudi na udongo magotini. Nakuomba, we ndiye unajua mambo haya. Mwambie neno moja tu."

Nikanawa mikono mara nyingine, nikamfuata.

Nyumba yao ilikuwa hatua mia mbili tu, mtaa wa Waswahili. Bahati alikuwa kitandani kama alivyosema mkewe, na ukutani palikuwa na alama ya soli, nyeusi, mahali pamoja.

Nilikaa chini sakafuni. Nikamwambia yote. Mpira uliochoka, kitambaa, mafuta, petroli aliyoniletea, tupa. Nilisema haraka, bila kupumzika, nikiogopa nitabadilisha nia.

Aliponisikiliza mpaka mwisho alinitazama kwa huruma. Ndiyo, huruma.

"Mwajuma amekutuma," alisema.

"Hapana, mzee. Ni kweli tupu."

"We ni mtu mzuri, fundi. Umeona nateseka, ukaja kujitwisha wewe. Mi nilikuwa kijana kama we, ningefanya hivyo hivyo. Lakini mi niliishika ile diski. Riveti nilizigusa kwa kidole."

"Nilizitoa mi, kwa tupa."

"Bon, haya. Nionyeshe huo mpira mbovu."

"Niliutupa chooni."

Akatabasamu kidogo, kama mtu mzima anavyomtabasamia mtoto aliyejinasa mwenyewe.

"Usiseme uongo kwa ajili yangu. Kesho baada ya dua nitasimama mbele ya watu wote, niombe msamaha kwa tajiri na kwa watoto wa marehemu. Nikishasema, nitapumua."

Nilitoka nje. Nimezoea watu kukataa uongo wangu. Huyu aliukumbatia, akaukataa ukweli nilipomletea kwa mikono yangu. Nilikuwa nimeufunga uongo vizuri kuliko gari yoyote niliyowahi kufunga.

Basi niliona njia moja. Nisimame mimi kabla yake.

* * *

Asubuhi ya siku ya saba, taksi ya Gitega ikasimama mbele ya duka. Akashuka mzee Houssein, amevaa kanzu nyeupe, na nyuma yake Hidaya, mkono mmoja tumboni.

Mke wangu alinisogelea.

"Umekonda, baba nanihii," aliniambia taratibu. Ndivyo anavyoniita tangu ashike mimba, kwa vile mtoto hana jina bado. "Unaumwa?"

"Nitakuambia baadaye."

"Niambie sasa."

Baba yake akamwita, aende kwa wanawake. Akaenda, lakini aligeuka mara mbili.

Mzee Houssein aliingia sebuleni akamkumbatia Mzee Kassam, akalia. Machozi ya kweli, yalilowesha ndevu. Alimwambia jinsi alivyomheshimu marehemu. Wazee wakamwachia nafasi, wakamkalisha karibu na mwenye msiba, wakamshukuru kwa diski na mpira alivyovitoa bure. Alipokea shukrani ameinamisha kichwa. Mi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikijikuna viganja.

Baadaye niliwaona yeye na Mzee Kassam wametoka wawili tu, wakasimama karibu na gari, wanaongea. Walikaa huko muda mrefu. Niliwaza, anaongea nini? Nikajiambia, rambirambi.

Dua ikasomwa alasiri. Wanaume sebuleni, wanawake chumba cha pili, katikati pazia. Shaukat, aliyekuja kutoka Bujumbura, alikaa mkono wa kulia wa baba yake. Bahati alikaa kizingitini, hakutaka kuketi mkekani. Watu walipofuta nyuso zao baada ya "amina", nilimwona anaegemea ukuta ili asimame.

Nikasimama mi.

"Mzee Kassam, na nyote, nisameheni. Mi nilidanganya. Mguu wa mzee Bahati hauna kosa. Ile diski niliikwangua mi, kwa tupa, nyuma ya stoo yenu. Ilikuwa nene, na ilikuwa imelowa mafuta."

"Mafuta ya wapi?" Mzee Kassam aliuliza.

"Ya injini. Kuna mpira wa nyuma. Siku nilipofunga gari Gitega ulikuwa umechoka, nikamwambia mzee Houssein, na yeye..."

Mzee Houssein aliweka mkono kwenye goti la Mzee Kassam.

"Mwache aseme, ndugu yangu. Alhamdulillahi, amesema." Machozi yalimtoka tena. "Kassimu, mwanangu, maliza. Waambie pia kwamba mpira mpya nilikupa kwa mkono wangu siku ile ile, nikakwambia uuweke, na hukuuweka kwa sababu ulitaka kumaliza mapema uende zako."

Niligeuka nikamtazama. Ninaandika haya miaka mingi baadaye na bado sijapata neno la kumwita mtu yule siku ile.

"Mpira ulikuwa kwenye droo yako," nilisema. "Uliniambia uko Bujumbura."

"Unaona?" alimwambia Mzee Kassam kwa upole. "Ndicho nilichokueleza asubuhi. Nilisema atatubu nusu, nusu nyingine atanitupia mi."

Mzee Kassam alikubali kwa kichwa. Kwa hiyo hayo ndiyo waliyoongea karibu na gari. Toba yangu ilikuwa imefika nyumba hii kabla yangu, imevaa kanzu.

"Mkono uliofunga gari ni wa nani?" Mzee Kassam aliniuliza.

"Wangu."

"Na uliona mafuta."

"Niliona."

Shaukat alianza kunyanyuka, baba yake akamzuia kwa mkono bila kumtazama.

Hapo ikasikika sauti kutoka mlangoni. "Kwa hiyo siyo mguu wangu?"

Bahati alirudia, polepole zaidi, kama mtu anayeuliza njia kwa wageni. "Tajiri, siyo mguu wangu?"

"Siyo mguu wako, Bahati," Mzee Kassam alisema. "Nisamehe."

Bahati akateremka akakaa pale pale kizingitini, akauficha uso kwa mikono.

Mzee Kassam alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Sasa nina watu wawili mbele yangu," alisema. "Mmoja amekiri alinidanganya ndani ya nyumba yangu, na chakula changu kikiwa mdomoni. Mwingine ni rafiki wa miaka mingi. Naambiwa nichague nani nimwamini. Mi nimechoka. Mke wangu amekufa, sitaki kukosea mara ya pili."

"Nileteeni Msahafu," mzee Houssein alisema. "Naapa sasa hivi."

Na angeapa. Niliona usoni mwake kwamba angeapa, halafu angeomba chai.

"Hapana Msahafu," Mzee Kassam alisema. "Kuna shahidi?"

Mzee Houssein alifikiri kidogo tu. Kidogo sana.

"Yuko. Binti yangu, mke wa huyu. Siku ile alituletea chakula garajini. Aliona nikimpa mpira." Akapaza sauti kuelekea pazia. "Hidaya. Mwanangu. Njoo useme ulichokiona."

Pazia halikutikisika. Nilisikia wanawake wakinong'ona, halafu sauti ya Zohra: "Mwacheni, ana mimba." Halafu pazia likafunguka.

Hidaya alisimama pale, kanga ameishika chini ya kidevu. Alimtazama baba yake. Alinitazama mimi, viatu, viganja vyangu vilivyochubuka kwa kunawa, uso. Alimtazama Bahati pale chini.

"Mama," Mzee Kassam alimwambia kwa upole, "usiogope mtu. Siku ile gari yangu inafungwa, ulikuwa garajini?"

Mi nilijua jibu. Siku ile Hidaya alikuwa Makebuko kwa mama yake mdogo Kadidja. Ni mi niliyempeleka, alfajiri, na ni mi niliyekwenda kumchukua siku tatu baadaye. Hakuona kitu. Baba yake alijua hivyo, mi nilijua hivyo, na yeye alijua kwamba sote wawili tunajua.

"Ndiyo, mzee," Hidaya alisema. "Nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu."

Alikuwa ameshaanza kudanganya, na sikujua bado anadanganya kwa ajili ya nani.